Subaru ya turbo ya zamani: jinsi ya kuinunua Kitale au Bungoma bila kupoteza pesa kwenye simu

Mahindi yakishauzwa Trans Nzoia, meseji za aina mbili huanza kuingia kwa simu. Ya kwanza ni ya pesa. Ya pili ni ya rafiki aliyekutumia picha: Impreza ya bluu, rimu za dhahabu, boneti iliyo na tundu la hewa, na maneno matatu, “Bei ya kutupa.”

Kununua gari ya mbio iliyozeeka si ujinga. Kuna watu Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma mjini wanaoendesha Subaru za miaka ishirini na zinawapeleka kazini kila siku. Lakini pesa nyingi za gari hizi siku hizi hupitia kwa simu, na pesa ikishatoka kwa simu kwenda kwa mtu asiyefaa, kuirudisha ni kazi kubwa. Makala haya yanaeleza mambo matatu: gari yenyewe, jinsi ya kulipa, na jinsi ya kuitunza mfuko usipasuke.

Kwa nini gari hizi ziko hapa, na kwa nini ni za bei nafuu

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu iliyopita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilikotoka. Ni kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515. Impreza za kwanza zilitoka 1992, na zile za kizazi cha pili, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu, zilitengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007. Maana yake ni kwamba Impreza yoyote ya aina hizo unayoonyeshwa leo iliingia Kenya kitambo. Hutaagiza nyingine Japani. Unanunua kutoka kwa mtu, ambaye pengine alinunua kwa mtu, ambaye naye alinunua kwa mtu.

Hapo ndipo bei inapopungua, na hapo ndipo shida inapoanzia. Gari imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameacha kitu: mwingine deni, mwingine injini iliyochokozwa, mwingine logbook iliyo bado kwa jina la mwenye gari wa tatu nyuma.

Mapenzi yetu kwa gari hizi yana sababu. Ian Duncan alishinda Safari Rally ya 1994 kwa Toyota Celica ya turbo. Colin McRae akashinda ya 1997 kwa Subaru Impreza, na Richard Burns akairudishia Subaru ushindi huo 2000. Wengi walioziona zikipita kwenye vumbi wakiwa watoto sasa ni watu wazima wenye mishahara na mashamba. Muuzaji anajua hivyo, na anauza kumbukumbu pamoja na gari. Wewe nunua gari.

Kwanza jua unachouziwa: soma namba ya chesisi

Kubandika nembo ya STI kwa boneti hakuhitaji leseni. Impreza nyingi zinazotangazwa kama gari za mbio ni zile za kawaida za injini ya 1.5, zimevalishwa nguo za kaka yao. Herufi za mwanzo za namba ya chesisi hazidanganyi kirahisi. Kwa zile za kizazi cha pili zilizotoka Japani:

- GD2 na GD3 ni zile za injini ya 1.5. Ni gari nzuri za familia, si za mbio.
- GD9 ni ya lita 2.0 isiyo na turbo.
- GDA ni WRX ya turbo.
- GDB ni STI yenyewe.

Zile za umbo la wagon huanza na GG badala ya GD. Usiangalie kibati tu. Angalia namba iliyochongwa kwa chuma, na ulinganishe na logbook. Pia angalia ukubwa wa injini kwenye rekodi: injini ya lita 2.0 ya Subaru hizi ni 1994 cc, ile ya 1.5 ni 1493 cc. Kama muuzaji anasema ni STI na rekodi inasema 1493, huo ni mbuzi kwenye gunia. Na kama ndani kuna injini ya turbo lakini rekodi bado inasema 1493, injini ilibadilishwa bila kuandikishwa, na shida hiyo itakuwa yako siku utakapotaka bima au kuuza.

Pili, jua mwenyewe ni nani: tafuta rekodi kabla ya kutuma hata mia tano

Rekodi ya gari hupatikana kwa NTSA kupitia eCitizen. Unaingia kwa akaunti yako mwenyewe, unaandika namba ya gari, unalipa ada kwa simu, na unapata nakala ya rekodi inayoonyesha jina la mwenye gari, chesisi, injini, na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoshikilia gari hiyo pamoja naye. Ada za serikali hulipwa kwa Paybill moja, 222222. Mtu akikwambia, “Nitumie mimi nikufanyie search,” kisha akuletee karatasi, hujaona rekodi. Umeona karatasi.

Kuna jambo ambalo watu wengi huruka. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mtu anaweza kuweka gari yake dhamana na deni hilo likaandikwa kwa rejista ya serikali, ambayo pia hutafutwa kupitia eCitizen. Fanya utafutaji wote wawili. Ukinunua gari ambayo bado ina deni, mwenye deni anaweza kuifuata mpaka kwako, hata kama ulilipa kila shilingi kwa uaminifu.

Sheria ya majina matatu

Kama utasahau mengine yote, shika hili. Kabla ya kutuma pesa, majina matatu lazima yafanane:

1. Jina lililo kwenye rekodi ya NTSA.
2. Jina lililo kwenye kitambulisho cha mtu aliyekaa mbele yako.
3. Jina linalotokea kwa simu yako unapotaka kutuma pesa kwa namba yake.

Jina la tatu ndilo watu hupuuza. Simu inapokuonyesha jina la anayepokea, haifanyi hivyo kwa mapambo. Soma jina lote.

Muuzaji akisema, “Tuma kwa namba ya bibi yangu, yangu imejaa,” simama. Inawezekana ni kweli, kwa sababu akaunti ya pesa kwa simu ina kikomo, na tutafika hapo. Lakini jibu si kutuma kwa jina lingine. Jibu ni yeye kuhamisha pesa zake kwanza ili akaunti yake ipate nafasi, au mlipane kwa benki kwa akaunti yenye jina lake. Dalali naye hulipwa pesa yake ya udalali pekee, na hulipwa mwisho. Pesa ya gari haipitii kwa dalali.

Na ile “tuma elfu ishirini ya kushikilia gari, kuna jamaa anatoka Eldoret na cash”? Huo ndio mtego wa zamani kuliko yote. Picha ni ya gari ya kweli, mahali pengine, ya mtu mwingine. Hakuna kushikilia gari ambayo hujaiona, hujaijaribu na hujatafuta rekodi yake. Yule jamaa wa Eldoret akiichukua, mwache aichukue.

Kujaribu gari: barabara ya Kitale kwenda Webuye ni mtihani mzuri

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe pesa ya siku yake. Ni pesa ndogo ukilinganisha na injini. Fikeni asubuhi na mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika, kwa sababu injini baridi haijui kuficha.

- Ikiwaka, sikiliza. Mlio wa “ko-ko-ko” kutoka chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni dalili ya bearing za krenki. Kwa injini hizi za EJ20 huo ni ukarabati mkubwa.
- Moshi wa bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa turbo au ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani.
- Fungua kifuniko cha tangi la maji injini ikiwa baridi. Ukiona utando wa oili, weka ufunguo mezani. Baada ya gari kutembea, angalia kama kuna mapovu kwenye chupa ya akiba ya maji.
- Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini hizi hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. “Sikumbuki” maana yake ni wewe utaubadilisha wiki ya kwanza, kwa hivyo toa gharama hiyo kwa bei.
- Zungusha gari polepole usukani ukiwa umekunjwa mwisho. Ikikwamakwama na kuruka, mfumo wa kuendesha magurudumu manne una shida.

Kisha iteremshe kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na uipandishe tena. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupungukiwa nguvu. Turbo husukuma hewa zaidi ndani, ndiyo maana gari hizi hupanda vizuri hata huku juu. Kama hii yako inapanda kwa shida, au sindano ya joto inainuka, turbo au mfumo wa maji umechoka. Ukifika juu usiizime papo hapo. Iache ingurume dakika moja ili oili ipoze turbo. Angalia kama muuzaji anafanya hivyo bila kuambiwa. Utajua aliitunza vipi.

Kulipa: mfano wa gari ya shilingi 480,000

Tuseme mmepatana shilingi 480,000. Vikomo vya kawaida vya pesa kwa simu hapa Kenya ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya 500,000. Kwa hivyo:

- Huwezi kutuma 480,000 mara moja. Itakuwa miamala miwili, kwa mfano 230,000 na 250,000.
- Siku hiyo usitumie pesa nyingine nyingi kwa simu. Ukiwa umeshalipa mahali pengine 30,000, umebakiwa na nafasi ya 470,000 tu.
- Muuzaji aangalie salio lake kwanza. Kama ana 100,000 kwa akaunti, nafasi yake ni ya 400,000, na muamala wako wa pili utakataliwa.
- Bei ikipita 500,000, lipeni kwa benki au mgawanye kwa siku mbili, yote yaandikwe kwenye mkataba.

Kugawanya malipo si usumbufu. Kunakulinda. Kaeni pamoja mchana, mahali penye watu, kila mtu na simu yake, mkifuata mpangilio huu:

Kwanza, andikeni mkataba wa mauzo wenye namba ya gari, chesisi, majina na namba za vitambulisho, bei, na jinsi itakavyolipwa. Wakili ni bora. Mashahidi wawili ndio kiwango cha chini.

Pili, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwa akaunti yake ya eCitizen. Ombi likishaonekana kwako, tuma sehemu ya kwanza, 230,000. Soma jina. Tuma. Hakikisheni nyote mmepata ujumbe.

Tatu, kubali uhamisho kwa akaunti yako na ulipe ada yake. Sasa tuma 250,000 zilizobaki, upokee ufunguo, na muuzaji atie sahihi kwamba amelipwa yote.

Usitoe PIN ya simu wala nenosiri la eCitizen kwa mtu wa cyber “akusaidie.” Akusomee skrini, lakini vidole viwe vyako. Na usikubali kuendesha miezi mingi kwa jina la mtu. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 baada ya mauzo kuandikisha mwenye gari mpya.

Hifadhi jumbe zote mbili za malipo, na upakue taarifa ya miamala ya siku hiyo. Ndiyo risiti yako.

Je, naweza kurudisha pesa nikigundua nimedanganywa?

Hili ni swali la kujibiwa kabla ya kutuma. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa ajili ya biashara iliyoharibika. Mpokeaji akipinga, au akiwa ameshatoa pesa kwa wakala, hatuwezi kumnyang'anya mtu pesa kwa sababu injini imekufa. Kama ni ulaghai, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Kila dakika ina thamani, kwa sababu pesa ambayo bado iko kwenye akaunti ndiyo inayoweza kuzuiwa.

Kama wewe ndiye muuzaji

Walaghai huwafuata wauzaji pia. Hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa malipo, halafu wanataka ufunguo haraka kwa sababu “giza linaingia.” Usiamini ujumbe wala picha ya skrini ya mnunuzi. Fungua menyu ya simu yako na uangalie salio. Kama pesa haiko kwa salio, haijafika, na ufunguo unabaki mfukoni.

Baada ya kununua: gari ina mfuko wake

Watu wengi hawashindwi kununua Subaru. Hushindwa mwezi wa tatu. Pesa ya mahindi huingia mwisho wa mwaka, Januari ni karo, na mvua ya Machi au Aprili inapoanza shamba linataka mbegu na mbolea. Gari ikila pesa zote Desemba, itakuwa inashindana na mtoto Januari na shamba Machi. Ikifika hapo, watu huuza kwa hasara au huweka gari dhamana.

Kwa hivyo gawa pesa kabla ya kununua. Kama una 600,000, usitafute gari ya 600,000. Tafuta ya 480,000 na ubaki na 120,000: ya mkanda wa taimingi, oili na filta zote, plagi, tairi, bima na ada za uhamisho. Hiyo iweke kwa akiba iliyofungwa, isikae kwenye salio la kila siku ambapo itaisha kwa nyama choma.

Kisha piga hesabu ya mwezi. Tuseme unaendesha kilomita 600 kwa mwezi, gari inakwenda kilomita 8 kwa lita, na petroli ni shilingi 180. Hiyo ni lita 75, sawa na 13,500. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, basi rudia hesabu bei ikibadilika. Ongeza angalau 5,000 kila mwezi za ukarabati, zihame zenyewe siku ya mshahara au siku ya kulipwa maziwa. Injini ya turbo inataka oili mpya kila kilomita 5,000. Kwa mwendo wako huo ni karibu kila miezi minane. Kama jumla hiyo inakuumiza hata kabla hujanunua, gari hiyo si yako kwa sasa. Na usiweke mafuta kwa mkopo wa simu. Mkopo wa siku 30 unafaa dharura inayokwisha. Tangi la petroli haliishi kudai.

Jambo lingine kuhusu petroli. Injini hizi zilipangiwa petroli ya juu ya Japani, yenye okteni karibu 100. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Weka iliyo bora zaidi unayopata mjini, na ukatae mtu anayetaka “kuongeza boost.” Pistoni za injini nyingi hupasuka hivyo.

Spea nyingi zitatoka Nairobi, Kirinyaga Road au Grogan, na kuletwa na matatu au kampuni ya vifurushi. Omba picha ya spea ikionyesha namba yake, lipa kwa Till yenye jina la duka, si namba ya kijana wa duka. Kwa fundi, nunua spea mwenyewe na umlipe ufundi wake baada ya kuijaribu gari barabarani.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Bima kubwa kwa gari iliyozeeka inaweza kukataliwa, au ukatakiwa uikadirishe thamani kwanza, kwa hivyo uliza kampuni kabla ya kununua gari. Lipa kwa Paybill ya kampuni ya bima yenyewe, na uhakikishe cheti chako cha kidijitali kina namba sahihi ya gari.

Ukumbushe huu kabla ya kubonyeza “Tuma”

- Nimeona gari na chesisi kwa macho yangu.
- Nimetafuta rekodi ya NTSA na rejista ya madeni kwa akaunti yangu.
- Majina matatu yanafanana.
- Fundi wangu ameisikiliza ikiwa baridi.
- Uhamisho umeanzishwa.
- Nimebakiwa na pesa ya ukarabati, na ya karo.

Kama jibu la moja ni hapana, funga simu. Mtangazie rafiki yako aliyekutumia picha kwamba bado unafikiria. Impreza ya miaka ishirini ikikungoja wiki moja zaidi, haitakuwa imezeeka sana.